Kuchagua amplifaya ya valvu kwa sauti ya roki ya zamani, ukiwa Dodoma

Sauti ya gitaa la roki ya miaka ya 1960 na 1970 ilitoka kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka valvu zake zikaelemewa. Valvu ni zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio kubwa za mbao kabla ya transista kuingia. Transista ikielemewa hukata kilele cha wimbi ghafla, na sauti inachoma sikio. Valvu hukilainisha, noti inabanwa kidogo na kurefuka, na juu yake kunapanda mkwaruzo mtamu. Masikio ya Dodoma yanaujua utamu huo: ilimba ya Wagogo, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, nayo hupendwa kwa mvumo unaokwaruza pembeni mwa noti.

Shida huanza dukani. Mpiga solo aliyekulia kwenye dansi au kwaya amezoea kutafuta amplifaya kubwa, inayobaki safi hata ikifunguliwa sana. Kwa rumba yuko sahihi kabisa. Kwa roki atalipia wati nyingi na hatasikia kamwe kile alichokwenda kukinunua, kwa sababu hatapata mahali pa kuifungua. Jiulize kwanza: pale ninapopigia, nitaweza kupandisha volyumu mpaka namba ngapi?

Wati 15 hadi 20 zinatosha

Sikio halihesabu wati kama mfuko unavyohesabu shilingi. Ukitoka wati 20 kwenda 40 unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na aliyekaa kiti cha nyuma atalitambua ongezeko hilo kwa shida. Ili sauti isikike mara mbili ya ilivyokuwa, zinahitajika wati mara kumi hivi. Piga hesabu na spika ya Celestion Greenback, ambayo kwa wati 1 hutoa desibeli 98 hivi ukipima umbali wa mita 1. Kwa wati 20 unaongeza desibeli 13, jumla 111. Hapo unasimama sawa na mpiga dramu mwenye mkono mzito, kanisani au ukumbini, bila hata maikrofoni mbele ya spika.

Marshall za wati 100 zilitengenezwa kuanzia mwaka 1965 kwa ajili ya bendi kama The Who, wakati ambapo kumbi zilikuwa zinakua na vyombo vya kumpelekea msikilizaji sauti vilikuwa hafifu. Leo karibu kila kanisa na kila hoteli yenye bendi ina mikisa na spika zake. Amplifaya yako inahitaji kuwafikia wenzako jukwaani. Watu wa nyuma watahudumiwa na maikrofoni. Na chumba cha mazoezi cha kule Nkuhungu au Chang'ombe, chenye kuta za plasta tupu na bati lisilopigwa silingi, kinarudisha sauti kiasi kwamba wati 20 zitakuwa nyingi.

Kwa hiyo tafuta yenye swichi ya kupunguza nguvu: 20 na 10, au 20 na 5, au 20, 3 na nusu wati. Swichi hiyo ina thamani kuliko ekolaiza ya ziada. Nobu ya masta nayo inasaidia, ila elewa inachofanya: inaacha valvu ndogo za mwanzo zikwaruze huku ikizibana zile kubwa za mwisho zisifanye kazi. Sauti inayotoka ni ya roki, lakini nyembamba zaidi na yenye nyuki ndani yake. Uzito wa zile rekodi za zamani ulitoka kwa valvu kubwa, transfoma ya kutokea (ile inayopeleka nguvu ya valvu kwenye spika) na spika yenyewe, vyote vikitoa jasho pamoja.

Wati 5 je? Kwa chumbani ni nzuri sana. Ukipiga pamoja na dramu halisi, hazitoshi kwa sauti safi, ingawa tofauti yake na wati 20 ni desibeli 6 tu.

Ukoo wa sauti

Valvu kubwa ndizo zinazoamua ukoo. EL34 ni sauti ya Uingereza ya wapiga gitaa kama Jimi Hendrix na Angus Young wa AC/DC: sehemu ya katikati iko mbele, mkwaruzo una meno. EL84 ni ndogo zaidi na huwahi kuelemewa. Ndiyo ya Vox AC15 ya mwaka 1958 na AC30 iliyofuata, sauti inayong'aa juu, ambayo Brian May wa Queen aliifanya yake. Valvu za 6L6 ni za Fender kubwa, pana na safi. 6V6 ni mdogo wake, na kwenye Deluxe Reverb ya wati 22 inakwaruza mapema na kwa ulaini.

Mistari hiyo haijanyooka kama ukuta. Marshall ya kwanza, JTM45 iliyotoka dukani kwa Jim Marshall huko Hanwell, London, mwaka 1962, iliiga sakiti ya Fender Bassman ya Marekani. Vifaa vya Kiingereza na spika nne za Celestion ndani ya boksi lililofungwa nyuma vikaipa sauti nyingine. EL34 zilikuja baadaye. Na Fender Blues Junior, pamoja na jina lake la Kimarekani, inatumia EL84 mbili. Soma namba iliyoandikwa kwenye kioo cha valvu. Jina la mbele ya boksi halitoshi.

Kwa anayeanza kutafuta, hizi ndizo tungezisikiliza kwanza. Marshall DSL20CR ina EL34 mbili, wati 20 au 10, spika ya inchi 12, chaneli safi na chaneli ya mkwaruzo. Kwa mtu anayepiga kwaya Jumapili na roki Jumamosi, hii ndiyo inayobeba mengi. Marshall SV20 inafuata ile Super Lead ya zamani: wati 20 au 5, haina masta, na chaneli zake mbili hazina swichi ya kuhamia kutoka moja hadi nyingine. Ni ngumu kuizoea na ndiyo iliyo karibu zaidi na rekodi zenyewe. Marshall Origin 20 ni nafuu zaidi na ina ngazi tatu za nguvu, lakini kombo yake (amplifaya na spika ndani ya boksi moja) ina spika ya inchi 10, na besi yake inakuwa fupi. Vox AC15C1 ina spika ya Greenback na kwa rithimu haina mpinzani katika kundi hili.

Uwe macho na amplifaya yenye valvu moja tu mbele, nyuma yote transista. Matangazo huandika "valvu" kwa herufi kubwa. Hesabu: amplifaya kamili ya wati 20 itakuwa na valvu ndogo tatu au nne za ECC83, ambazo pia huitwa 12AX7, pamoja na kubwa mbili. Pia inyanyue. Transfoma mbili za chuma zina uzito, na kombo ya wati 15 hadi 20 haipungui sana kilo 14.

Umeme ni sehemu ya amplifaya

Hapa ndipo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa London haitusaidii.

Kwanza angalia kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230, mzunguko wa hezi 50. Amplifaya iliyotoka Marekani huandikwa 120V, 60Hz. Ukiichomeka moja kwa moja, ukiwa na bahati fyuzi itakufa. Usipokuwa nayo, transfoma itaifuata. Unaweza kutumia transfoma ya kushusha umeme ya VA 300 au zaidi, lakini transfoma ya ndani iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee itapata joto zaidi kwenye 50. Kibandiko kikisema 50/60Hz, hilo halina shida. Kikisema 60Hz tu, tungeiacha, hata kama bei inavutia.

Kisha pima umeme wa mahali unapopigia. Chukua multimita, iweke kwenye AC, chomeka kwenye soketi, uandike namba saa nne asubuhi na tena saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha taa na pasi. Uzi wa ndani ya valvu unataka volti 6.3, ikizidi au kupungua kwa asilimia 10 hivi. Kwenye soketi hiyo ni kati ya 207 na 253. Umeme ukishuka hadi 190, uzi unapata volti 5.2 tu: sauti inakuwa nzito kama imefunikwa blanketi, besi inalegea, na valvu zinachakaa kabla ya wakati. Wengi hubadilisha valvu mara mbili wakiilaumu amplifaya, kumbe tatizo liko kwenye nguzo ya umeme.

Dawa yake ni stabilaiza. Amplifaya ya wati 20 haili wati 20 za umeme. Inakula mara tatu hadi tano ya hizo. Stabilaiza ya VA 500 inaitosha, na ya VA 1000 inabeba pedali na mikisa ndogo pia. Kile kifaa cha kulinda friji nacho kinafaa sana kwa jambo moja: umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kuupitisha. Kama huna, jizoeze kuzima swichi ya amplifaya mara tu taa zinapokatika.

Kwa mikutano ya nje, kule ambako umeme unatoka kwenye sola, inveta lazima iwe imeandikwa "pure sine wave". Za bei ndogo hutoa wimbi la ngazi ngazi. Transfoma inaguruma, spika nayo inaguruma, na joto linapanda. Jenereta ndogo huyumba kila kompresa ya friji inapowaka kwenye laini hiyohiyo, kwa hiyo itengee bendi jenereta yake na uiunganishe kupitia stabilaiza.

La mwisho kwenye umeme ndilo la uhai. Pini ya ethi isikatwe. Gitaa linaponguruma, kuna mafundi hukata waya wa ethi na mngurumo unapungua kweli. Baada ya hapo nyuzi za gitaa zinaweza kubeba umeme, na midomo yako iko kwenye maikrofoni iliyounganishwa na ethi ya kwingine. Kama soketi ya ukumbi haina ethi, mwenye ukumbi aambiwe aifunge kabla hamjapiga.

Spika, omu na kebo

Spika hubadilisha sauti kuliko pedali yoyote. Greenback huchukua wati 25 na ina sauti laini, kavu kidogo. Vintage 30 huchukua wati 60, ni kubwa zaidi kwa desibeli 2 hivi na inang'ata juu. Kwa roki ya zamani tunapendelea Greenback. Boksi lililofungwa nyuma linasukuma besi mbele. Lililo wazi nyuma linasambaza sauti chumba kizima, jambo linalopendeza kwenye chumba kidogo.

Omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika, zilingane. Tundu lililoandikwa 8 lipewe spika ya omu 8. Spika mbili za omu 16 zikiunganishwa sambamba zinakuwa 8, na mbili za omu 8 zinakuwa 4. Ukipima spika kwa multimita utasoma pungufu: ya 8 husoma 6 hadi 7, ya 16 husoma 12 hadi 14. Usishtuke, na usidhani imeharibika.

Amplifaya ya valvu isiwashwe na kupigwa bila spika. Ya transista itakusamehe. Hii haikusamehe, maana nguvu isiyopata pa kwenda inarudi kwenye transfoma ya kutokea kama volti kubwa na kutoboa insulesheni yake. Kwa sababu hiyohiyo, kati ya kichwa (amplifaya isiyo na spika ndani) na boksi la spika tumia kebo ya spika, ile yenye nyaya mbili nene. Kebo ya gitaa inafanana nayo kwa nje, lakini waya wake wa ndani ni mwembamba kama uzi, unapata moto na unaweza kukatika katikati ya wimbo.

Kuikagua ya mtumba

Nenda na gitaa lako, kebo unayoiamini, penseli na tochi. Omba ikutwe imezimwa na imepoa, maana muuzaji mwenye kuificha kasoro huipasha joto kabla hujafika.

Mulika juu ya kioo cha kila valvu. Utaona tabaka la rangi ya fedha, linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa. Tazama skrubu za chasisi, lile sanduku la chuma lenye sakiti: zikiwa na vichwa vilivyolika, imefunguliwa mara nyingi. Toa fyuzi uisome, ulinganishe na maandishi ya nyuma. Fyuzi iliyozungushiwa waya au karatasi ya pakiti ya sigara inakueleza kwamba kuna tatizo lililofichwa, na kwa hilo pekee tungeondoka.

Washa. Kama ina swichi ya kusubiri, iache dakika moja kabla ya kuifungua. Zima taa ya chumba uangalie valvu kubwa kwa nyuma. Uzi wa ndani kuwa wa rangi ya chungwa ni sawa. Ukungu wa bluu kwenye kioo ni sawa pia. Lakini bamba la kijivu la katikati likianza kuwa jekundu kama kaa la mkaa, zima papo hapo: valvu hiyo inapitisha umeme kupita kiasi, ama bayasi (volti inayopanga valvu ipitishe umeme kiasi gani) imeharibika, ama kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme ndani ya sakiti) inavujisha.

Ikitulia, weka volyumu katikati bila kupiga na usikilize. Mvumo mdogo wa kawaida upo. Mngurumo mzito unaoendelea hata volyumu ikiwa sifuri unaelekeza kwenye kapasita za chujio, ambazo baada ya miaka 15 hadi 20 hukauka. Gonga kila valvu ndogo polepole kwa kifutio cha penseli. Mlio kidogo si neno. Ikilia kama kengele, badilisha hiyo moja, ni gharama ndogo. Zungusha nobu zote. Zikikwaruza ni vumbi, na kwa Dodoma hilo si sababu ya kukataa, ni sababu ya kupunguziwa bei. Kisha piga kwa nguvu kwa dakika 20 kamili. Kasoro nyingi hujitokeza joto likishakolea: sauti inafifia, inakatika, au harufu ya kuungua inapanda.

Usifungue chasisi mwenyewe. Kapasita za ndani hubaki na volti zaidi ya 400 hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi wa redio aliyezoea transista za volti 12 naye aambiwe hivyo mapema: atoe umeme huo kwa rezista ya kiloomu 100, wati 2, kutoka kapasita hadi chasisi, asubiri nusu dakika au zaidi, apime, na asiguse kitu mpaka mita isome chini ya volti 10. Mkono mmoja ukae nyuma ya mgongo.

Valvu kubwa hununuliwa kama jozi iliyopimwa pamoja. Kwenye amplifaya yenye bayasi ya kurekebishwa, EL34 ya wati 25 huwekwa kwenye asilimia 70 hivi: wati 17.5, gawa kwa volti za bamba, tuseme 450, unapata miliampea 39 kwa kila valvu. Fundi akikuambia anapima kwa sikio tu, tafuta mwingine. ECC83 hazihitaji bayasi. Unachomoa na kuchomeka, zikiwa zimepoa.

Kuifikisha na kuitunza

Ikitoka Dar es Salaam, isiwekwe kwenye buti la basi ikiwa imelazwa. Isimame kama inavyosimama jukwaani. Chomoa valvu kubwa kwa kuzitikisa taratibu huku umeshika kitako, si kioo. Zifunge kwenye soksi nene, uzibebe mkononi. Andika namba ya tundu la kila moja kwenye kipande cha karatasi. Baada ya shoo nayo, acha robo saa ipoe kabla ya kuipakia, maana uzi wenye moto hukatika kwa mtikisiko mdogo tu.

Vumbi jekundu la kiangazi linaingia kila mahali. Ifunike kwa kitambaa kila inapozimwa, usiifunike ikiwa inafanya kazi. Mara moja kila baada ya miezi mitatu chomoa plagi, pangusa nyuma kwa brashi laini, na upulize dawa ya kusafishia nobu na jeki. Nunua akiba siku ileile unayonunua amplifaya: jozi moja ya valvu kubwa, ECC83 mbili, fyuzi tatu za kila aina iliyomo. Valvu za gitaa si kitu cha kukipata Majengo jioni ya shoo.

Kuanza kupiga

Kwa ya aina ya Marshall anza na besi 4, katikati 7, trebo 5, prezensi (makali ya juu kabisa) 4. Besi ikizidi 5 kwenye volyumu kubwa, noti za chini zinageuka uji. Geini, nobu ya kuongeza mkwaruzo, iishie 5 au 6. Rekodi za zamani zina mkwaruzo mdogo kuliko watu wanavyokumbuka, na geini nyingi inafuta mpigo wa mkono wako. Kwenye SV20, unganisha chaneli mbili kwa kebo fupi ya gitaa, ile yenye trebo uiweke 6 na ya kawaida 3, kisha ongeza ya kawaida mpaka noti ipate tumbo.

Halafu rudisha volyumu ya gitaa lenyewe hadi 5. Amplifaya nzuri itasafika bila kuwa hafifu. Fungua hadi 10 na mkwaruzo unarudi wote. Nobu hiyo ya gitaa ndiyo pedali yako ya kwanza. Ukumbini weka maikrofoni sentimita 3 hadi 5 kutoka kitambaa cha spika, ikitazama nusu ya njia kati ya kitovu na ukingo, na spika yenyewe uiinue juu ya kiti au uielekeze juu kidogo, ili trebo ikufikie wewe masikioni badala ya kupita katikati ya magoti yako na kuwachoma wa mstari wa mbele.